Sita Nini?

Mtu aliyetufundisha hesabu za michanganyo hakuwa akichanganya kitu chochote. Kwenye sahani yake foufou, ugali wetu, ilikaa upande mmoja, pondu, mboga ya majani ya muhogo, upande wa pili, samaki katikati, na alikula kimoja mpaka kiishe ndipo ahamie kingine. Chai hakuitia sukari. Alikula sukari kwanza, kijiko kimoja kikavu, halafu akanywa chai juu yake. Nimeyaona haya kwa macho yangu, kwa sababu nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa mianzi wenye matundu mengi kuliko mianzi.

Tulimwita Mwalimu. Walimu wengine walikuwepo, Kisangani haijawahi kukosa walimu, lakini hao walikuwa na majina. Ukisema Mwalimu peke yake, hata mama wa mikate alijua unamsema nani, na mara nyingi alikupa pole.

Katika mji wetu mtu huanza sentensi kwa Kiswahili, akaipitisha kwenye Kilingala na kuimalizia kwa Kifaransa, na hakuna anayegeuza kichwa. Yeye aligeuza. Ubaoni aliandika Kifaransa, kwa sababu ndivyo shule ilivyotaka. Sokoni alisema Kilingala. Nyumbani, na kila alipogombeza, alisema Kiswahili. Ukimchanganyia, alikungoja umalize, kisha akakuuliza kwa upole unataka ajibu nusu ipi. Sisi wanafunzi tulimshika siku moja kwa neno litre, tukasema hilo ni Kifaransa na analo kila siku mdomoni. Akasema litre si neno, ni kipimo. Tungebisha, ila kengele ililia.

Alikuwa na kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, siku za kazi na Jumapili, shuleni na msibani. Kalamu za Kisangani huvuja kwa joto. Kwa hiyo mashati yake yote yalikuwa na doa jekundu kifuani, na mgeni aliyemwona mara ya kwanza alimuuliza kama ameumia. Alijibu hapana, akaendelea na safari yake.

Neno lake lilikuwa hili: "nini". Mama wa sokoni akimwambia zimebaki tatu, alimuuliza tatu nini, hata kama mezani palikuwa na ndizi tupu. Siku moja kanisani katekista alitangaza kwamba wamebaki wawili tu. Mwalimu akainua mkono katikati ya matangazo akauliza wawili nini. Walikuwa wachumba ambao hawajaleta karatasi zao za ndoa, na mmoja wao alikuwa ameketi mbele yetu. Ndoa ilifungwa, lakini tangu siku hiyo katekista alipokuwa akitangaza alimwangalia Mwalimu kwanza.

Darasani ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa miezi kumi mfululizo. Hesabu za michanganyo zina sura moja. Una kitu kikali na kitu hafifu, unataka cha katikati, useme utachukua kiasi gani cha kila kimoja. Wenye akili nyepesi hurukia namba. Mwalimu hakutaka namba. Alitaka kwanza uandike mstari mmoja: tuseme x ni kitu fulani. Si x peke yake. X ni lita ngapi, za nini, zenye nguvu gani. Bila mstari huo hakusoma chini yake, hata kama chini yake pangekuwa na ukweli wote wa dunia.

"Kitu chenye haukijue, ukipe jina kwanza," alikuwa akisema. "Kisha utakigombeza."

Mifano aliitoa mtaani, na mtaa ulimletea mifano. Kuna asubuhi alikuja mwendesha mtumbwi wa mota, mtu wa Yanonge. Mota yake ilitaka petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini, na fundi wake alikuwa ametia mafuta mara mbili ya inavyotakiwa. Alikuwa na nusu bidon, yaani nusu dumu, ya mchanganyiko huo mzito na alitaka kujua afanye nini. Mwalimu akamuuliza ndani ya bidon mna nini. Yule akasema bidon ni ya njano. Mwalimu akasema hajauliza rangi. Wakakaa pale barazani, mafuta ni ngapi, petroli ni ngapi, nani alipima, alipima kwa chupa gani, mpaka jua likapanda, na kule beach, ndivyo tunavyoita gati, abiria walikuwa wameketi juu ya mizigo yao na mbuzi wawili wakilalamika. Mwishowe Mwalimu akaandika equation, akaitatua, akaipigia mstari. Jibu lilikuwa kujaza ile bidon petroli tupu mpaka mdomoni.

Yule mtu alisema hilo alilijua tangu Yanonge. Lakini alikunja karatasi vizuri akaiweka mfukoni, na mota haikumsumbua. Mwaka mzima baada ya hapo niliona bidon zake beach zimeandikwa kwa makaa kila moja kilichomo ndani, na wenzake wakimcheka.

Aliyemshinda alikuwa mke wake. Mama huyo hakusoma hata darasa moja, na foufou yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Unga wa muhogo na unga wa mahindi aliuchanganya kwa mkono, akiongea na watu, bila kuangalia. Mwalimu alivumilia miaka. Kisha akaazima mizani ya maabara ya shule na siku tano mfululizo akapima kwa siri unga wa kila aina uliokuwa umetengwa kabla ya kuchanganywa. Kila siku ilikuwa ileile, muhogo mbili, mahindi moja, gramu chache huku au kule. Siku ya sita mkewe akamkuta ameinama juu ya mizani ya shule jikoni kwake. Akamuuliza anapima nini. Mwalimu, wa kwanza katika Kisangani nzima kuuliza swali hilo, akakosa jibu. Mkewe ndiye aliyetusimulia, huku akimnyooshea kidole, naye Mwalimu ameketi akila pondu yake peke yake.

Sitaki mtu adhani alikuwa mgumu wa moyo. Asiyejua alipendwa. Nilimwona akibaki darasani mpaka mlinzi anafunga madirisha, na mwanafunzi mmoja asiyeelewa, akirudia kitu kilekile mara ya tisa kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Mtu ambaye yeye alimchukia ni mwenye kubahatisha. Na hapo ndipo palipokuwa na ajabu yake, maana kila Jumapili alitabiri mpira. Timu ya mtaa wetu ingeshinda tatu bila. Alisema hivyo kila Jumapili, bila x yoyote, akiwa amevaa shati lenye doa, na timu ya mtaa wetu ilifungwa kila Jumapili. Tulimuuliza anatumia hesabu gani. Alisema mpira si hesabu, ni mapendo.

Sasa nifike kwenye habari yangu, kwa sababu sikumkumbuka mtu huyu miaka yote kwa ajili ya pondu.

Nilikuwa darasa la tano la sekondari. Kwenye mtihani wa mwisho aliweka hesabu ya alama kumi. Mganga ana alkoholi ya tisini kwa mia na nyingine ya arobaini kwa mia. Anataka lita kumi za sabini kwa mia. Achukue kiasi gani cha kila moja? Mimi nikajaribu. Tano na tano inaleta sitini na tano, kidogo. Sita na nne inaleta sabini. Nikaangalia tena, sabini kabisa. Nikaandika "6 na 4", nikaweka kalamu chini, nikatazama wenzangu wakihangaika na furaha ikanijaa.

Karatasi ilirudi na sifuri. Pembeni, kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili kwa sababu alikuwa akigombeza: "6 nini?"

Mwaka ule nilikosa alama tatu kupanda darasa. Tatu. Mwalimu wa jiografia, jirani yetu wa upande mwingine, alimwambia mama yangu yaliyopita kwenye kikao cha walimu. Jina langu lilisomwa. Wakamgeukia Mwalimu, wakasema kuna jibu sahihi hapa lenye sifuri, mpe mtoto alama tatu tu apande. Akasema hapana. Wakamuuliza mara ya pili. Akasema hapana ileile.

Mama yangu akakamata kuku, jike zuri la kutaga, akavuka ua jioni ile. Mimi nilisikiliza kwenye matundu. Mwalimu akamuuliza kuku huyu ni wa nini. Mama akasema ni wa ujirani. Mwalimu akasema ujirani waliokuwa nao ulitosha. Kisha, kwa vile kuku alikuwa mzito na mama alikuwa na miguu mibaya, akambeba kuku yeye mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akampa mama kwa mikono miwili, akaaga. Kuku aliliwa Jumapili iliyofuata. Mimi sikula.

Nikarudia mwaka pamoja na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amepanda kwa kelele nyingi. Tuliketi benchi moja. Wageni walidhani sisi ni mapacha na yeye alikuwa akiwasahihisha. Na mbele yetu, kila asubuhi, mtu yuleyule na kalamu yake, akifundisha michanganyo upya. Sikukosa mstari wa x hata siku moja mwaka ule. Niliuandika kwa hasira. Nasema wazi, nilimchukia, na karatasi ya sifuri niliitunza kwenye Biblia, mahali ambapo watu wengine huweka picha za marehemu.

Miaka imepita. Nilisoma kidogo mambo ya afya, nikaolewa, nikahama mtaa, na sasa nafanya kazi ya usafi kwenye kituo kimoja cha afya karibu na mto. Kazi yangu ni maji ya javel, dawa ya klorini ya kuulia vijidudu. Ugonjwa wa kuhara unapokuja, na huja, mimi ndiye ninayechanganya maji ya kuoshea sakafu, vitanda na ndoo za wagonjwa. Yanatakiwa yawe na nguvu ya nusu kwa mia. Chini ya hapo yanafuta uchafu unaoonekana tu. Kanuni niliipaka rangi ukutani kwa mkono wangu, herufi za bluu ndefu kama mkono: 1 KWA 9. Hata asiyejua kusoma vizuri aliweza kuifuata, na nilijivunia.

Msimu huu uliopita kituo kilijaa. Asubuhi moja pikipiki ilisimama getini, dereva mbele, bibi mmoja katikati akiwa amelegea, na nyuma yake mzee akimshikilia kwa mikono yote miwili. Wauguzi wakamchukua bibi haraka wakaingia naye. Mzee akabaki getini kwa sababu lazima kila mtu aoshe mikono na viatu kwanza. Nilikuwa nimeshika ndoo. Akanigeukia bila kuniona.

"Mwasi na ngai iko wapi, s'il vous plaît?" akasema.

Aliulizia mke wake kwa lugha tatu katika sentensi moja. Nikaangalia kifua chake, nikaona doa jekundu, na nikajua wakati uleule jinsi alivyokuwa na hofu.

Nikamwonyesha benchi la walinda wagonjwa, yaani jamaa wanaowaangalia. Akakaa hapo siku hiyo na usiku wake. Aliponitambua hakusema kitu kuhusu zamani, alinisalimu tu kwa jina na kuniuliza habari za mama. Nilimwambia mama alifariki. Akainamisha kichwa. Mkewe alikuwa kwenye maji ya mshipa, macho yameingia ndani, na daktari alisema tungoje.

Asubuhi ya pili nikawa najaza ndoo mbele ya ukuta wangu. Mwalimu alikuwa akisoma ukuta. Aliusoma muda mrefu kuliko herufi zilizokuwepo.

"Moja nini?" akauliza.

Nikamjibu bila kumwangalia kwamba ni lita moja ya javel kwa lita tisa za maji, na kwamba hapa si darasani.

"Javel gani?"

"Ya siku zote, Mwalimu."

"Ya siku zote iko na nguvu ngapi?"

Nilijua. Tano kwa mia. Moja kwa tisa ya tano kwa mia inaleta nusu kwa mia, nilikuwa nimeipiga mwenyewe siku nilipopaka ukuta. Nikamwambia aje aone kwa macho yake, maana nilitaka, nasema kweli, nilitaka sana mtu yule anione nikiwa na haki. Tukaingia stoo. Bidon zilikuwa njano, zimepangwa, zilezile. Nikamgeuzia moja ya zamani: tano. Kisha akainama juu ya zile zilizoletwa Ijumaa, akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya mshikio.

Mbili na nusu.

Nusu ya nguvu. Kwa siku nne nilikuwa nimeosha kituo kizima kwa maji dhaifu, moja kwa tisa, kama ukuta ulivyosema. Sakafu zote. Ndoo zote. Kitanda alicholalia mkewe. Nikakaa juu ya bidon.

Angeweza kusema chochote na ningekubali. Alitazama mlango wa chumba cha wagonjwa, kisha akanitazama mimi.

"Simama, utaikala kisha," akasema. "Andika kwanza."

Akachana kipande cha kartoni ya serum, yale maji ya mshipa. Nikamwambia sina kalamu. Akanipa yake, ile nyekundu, ambayo katika maisha yangu sikuwahi kuona ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Nikaandika: tuseme x ni lita za javel ya mbili na nusu kwa mia. Basi kumi toa x ni lita za maji. Mbili na nusu mara x ni sawa na nusu mara kumi. X ni sawa na mbili.

"Mbili nini?"

"Litre mbili ya javel, ile mupya, ya mbili na nusu. Na litre munane ya mayi."

"Kwenda."

Nikaenda. Nilimwambia daktari kila kitu, jinsi kilivyokuwa, na alinisema maneno ambayo nilistahili. Tukaosha upya, mimi na wanawake wawili wa usafi, kuanzia getini mpaka chumba cha mwisho, ndoo kwa ndoo, mpaka jioni. Mwalimu aliketi mlangoni mwa stoo akisoma kila bidon kabla haijatoka. Hakuna aliyeweza kuniambia kama zile siku nne zilimdhuru mtu. Niliuliza. Sijui mpaka leo, na hiyo ni x ambayo nimeipa jina na bado inanigombeza yenyewe.

Siku ya tano mkewe aliketi kitandani, akaonja foufou ya kituo, akasema aliyeichanganya hana mkono. Mwalimu akatoka nje. Nilimwona ameegemea ukuta na anajifuta macho kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu anayefuta ubao.

Ukuta ule ulikuwa bado na kanuni yangu, nikachukua rangi kuufuta. Akaja kusimama nyuma yangu. Nikamuuliza, nikiwa nimempa mgongo, kama anakumbuka sifuri yangu.

"Sita na ine," akasema papo hapo. "Jibu ilikuwa sawa."

Nikageuka.

"Zero ilikuwa yako, mutoto yangu," akasema. "Lakini ile mwaka, ni miye nilikunyanganya. Waliniomba alama tatu, mara mbili. Mama yako akakuja na kuku. Nilikuwa na haki, na nilifanya vibaya."

Brashi ilikuwa inadondosha rangi kwenye viatu vyangu. Akaniomba ile kartoni, nilikuwa nayo mfukoni mwa kanzu ya kazi. Akaiweka kwenye ukuta sehemu iliyokauka, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akafika chini. Akatoa kalamu na akaandika pembeni, polepole, namba moja tu: 3. Kisha akasita, akaongeza neno mbele yake, alama, ili mtu asije akauliza.

Akarudisha kalamu mfukoni na kuingia kwa mkewe.

Kartoni ninayo, imo kwenye Biblia pamoja na ile karatasi. Mdogo wangu nilimwonyesha. Aliisoma yote, maana hata yeye alifundishwa na mtu yuleyule, akasema hesabu iko sawa lakini alama za kartoni hazibadilishi chochote, nilirudia mwaka na nilirudia naye. Nikamwambia najua. Kisha akaniomba tena ile kartoni, akaishika muda mrefu, akasema mama angekuwepo angechinja kuku.